Louis Martin, Baba wa Mtakatifu Tereza, Aliyeugua Akili

Katika makanisa mengi ya Kongo iko sanamu ya mtawa kijana, mwenye msalaba na mawaridi mikononi. Ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye Papa Pius wa 11 alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote mwaka 1927. Wakristu wampenda, na mabinti wengi wabatizwa kwa jina lake. Lakini si wengi wajuao habari za baba yake. Mzee huyo alikaa miaka mitatu na zaidi katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Watu wa mji wake walimnong'onia, na watoto wake wakabebeshwa aibu ambayo haikuwa yao. Leo yeye naye ni mtakatifu wa Kanisa. Habari zake ni hizi.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa askari, na utotoni Louis alihamahama pamoja na wazazi wake, mpaka wakakaa katika mji wa Alençon. Akajifunza ufundi wa saa, kazi itakayo mkono mtulivu na jicho lisilochoka. Mwaka 1845 alipanda milima mirefu ya Uswisi, yenye theluji, akabisha hodi kwenye monasteri ya Mtakatifu Bernardo, akitaka kuwa mtawa. Mkubwa wa nyumba akamwambia ajifunze Kilatini kwanza. Akajifunza zaidi ya mwaka mmoja, kisha akaacha, akarudi kwenye saa zake.

Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin, mwanamke hodari wa kufuma lesi, kitambaa chembamba kama utando wa buibui. Mungu akawapa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na kitinda mimba, Thérèse, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873. Huyo wa mwisho ndiye Tereza ajulikanaye duniani kote.

Watu wa Alençon walimjua Louis kuwa mtu mnyofu. Siku ya Jumapili duka lake lilifungwa, ijapokuwa wakulima waliokuja mjini siku hiyo wangalimletea faida. Alipenda kuvua, na samaki wake wengi aliwapelekea watawa maskini wa Mtakatifu Klara.

Siku moja, kwenye stesheni ya gari la moshi, alimkuta mtu mwenye kifafa. Mtu yule alikuwa na njaa, wala hakuwa na nauli ya kurudi kwao. Louis akavua kofia yake, akatia ndani fedha yake mwenyewe kwanza, kisha akazunguka kati ya wasafiri akiinyosha kofia kama mwombaji, mpaka nauli ikatosha. Litazameni vizuri jambo hili. Fundi mwenye duka na heshima zake hakuona haya kuomba mbele ya watu kwa ajili ya mgonjwa wa kifafa. Katika vijiji vingi mtu wa namna hiyo akianguka, watu humkimbia, wakiogopa hata mate yake, kana kwamba kifafa chaambukiza. Hakiambukizi hata kidogo. Louis hakuwa daktari, wala hakujua asili ya ugonjwa ule. Aliona mtu mwenye shida, basi.

Mwaka 1877 Zélie alikufa kwa kansa ya titi. Louis akabaki mjane na mabinti watano. Akauacha mji wa Alençon, akahamia Lisieux, ili watoto wawe karibu na mjomba wao, Isidore Guérin, aliyekuwa mwuza dawa mjini. Nyumba yao ilikuwa na bustani, ikaitwa Les Buissonnets. Huko Tereza alikua akishika mkono wa baba yake. Jioni walitembea pamoja, na kanisani mtoto alimtazama baba kuliko alivyomtazama padri mwenye kuhubiri.

Mateso ya akili yaliingia katika nyumba ile kabla baba hajaugua. Pauline, aliyekuwa mama wa pili kwa Tereza, aliingia utawa wa Karmeli mwezi wa Oktoba 1882. Miezi michache baadaye, mwaka 1883, Tereza akiwa na miaka kumi, alishikwa na ugonjwa wa ajabu. Alitetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, akaogopa vitu visivyo vya kuogopwa. Misumari iliyopigwa ukutani aliiona kama vidole vikubwa vyeusi. Siku moja baba alikuja kukaa karibu na kitanda, kofia mkononi. Mtoto akaiona kofia ile imegeuka kitu cha kutisha, akapiga kelele. Baba akatoka chumbani akilia. Hata hivyo hakumtafuta mtu wa kumshtaki, wala hakusema nani amemroga mtoto. Alimwita daktari, tena akaomba misa zisomwe Paris, katika kanisa la Mama Bikira Maria wa Ushindi. Alifanya yote mawili, wala hakuona kwamba moja lapingana na jingine. Tarehe 13 Mei mwaka ule, siku ya Pentekoste, Tereza aliitazama sanamu ya Bikira Maria, akaona yamtabasamia, akapona.

Tarehe 1 Mei 1887 Louis mwenyewe alipigwa. Asubuhi aliamka upande mmoja wa mwili umepooza, na ulimi ukiwa mzito. Wakamtibu, akapata nafuu baada ya muda kidogo. Lakini ishara ile ilikuwa kubwa. Mishipa ya damu ya kichwani mwake ilikuwa imeanza kukakamaa. Fikirini mfereji wa shamba: matope yakijaa ndani, maji hayafiki kwenye mimea ya mwisho, nayo hunyauka, ingawa mkulima hakukosa kitu. Ndivyo ulivyo ubongo ukikosa damu. Mtu husahau, huchanganya mchana na usiku, huona hatari pasipo hatari, huondoka nyumbani bila kujua aendako. Siku nyingine damu hupita vizuri kidogo, naye huwa mzima kabisa, hata watu husema alikuwa akijifanya tu. Ugonjwa huo ni wa mwili, sawa na ugonjwa wa moyo au wa figo. Louis aliugua figo pia, na sumu ambayo mkojo haukuitoa ilizidi kumchafua kichwa.

Siku ya Pentekoste ya mwaka ule ule, tarehe 29 Mei, Tereza alimwomba baba ruhusa ya kuingia Karmeli. Alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alilia, akakubali. Akachuma ua dogo jeupe lililoota ukutani, akampa, akimweleza jinsi Mungu alivyolikuza na kulitunza. Ua lile lilitoka pamoja na mizizi yake, naye Tereza akalihifadhi. Tarehe 9 Aprili 1888 baba alimpeleka mlangoni pa Karmeli, akapiga magoti pamoja naye, akambariki. Mwezi wa Mei, akisali katika kanisa moja la Alençon, alijitoa kwa Mungu awe sadaka. Baadaye aliwasimulia mabinti wake jambo hilo, nao wakaogopa.

Tarehe 23 Juni 1888 Louis alitoweka. Léonie na Céline walimtafuta nyumba yote na mji wote, wasimwone. Kisha ikaja barua yake kutoka Le Havre, mji wa bandari: aliomba fedha. Céline na mjomba wakaenda huko, wakavizia karibu na posta, na tarehe 27 Juni wakamwona akija. Alitaka kwenda mbali, akaishi peke yake kama mkaa-pweke, akimsali Mungu. Ile hamu ya ujana, ya monasteri ya mlimani, ilikuwa imerudi, lakini imechanganyika na ugonjwa.

Mwezi wa Agosti aliugua tena, na mwezi wa Novemba tena. Kati ya siku hizo alikuwa na siku njema. Tarehe 10 Januari 1889 Tereza alivikwa nguo ya kitawa, na baba akaweza kumwongoza kanisani kwa mkono wake, amevaa vizuri, mwenye adabu kama zamani. Watu walistaajabu. Ilikuwa sikukuu yake ya mwisho.

Mwezi mmoja baadaye alichafukwa vibaya. Aliona vita mbele ya macho yake, alisikia mizinga, aliona maadui wakija kuwadhuru mabinti wake. Akachukua bastola ili awalinde. Hapo twafika mahali pagumu pa habari hii. Louis hakuwa amegeuka mtu mbaya. Moyo wake ulikuwa ule ule wa baba mlinzi. Macho ya akili ndiyo yaliyoona uongo. Lakini risasi haiulizi nia ya mwenye bastola. Mjomba Isidore aliogopa kwa ajili ya mabinti na kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe. Bastola ikaondolewa, na tarehe 12 Februari 1889 Louis akapelekwa Caen, katika hospitali ya Bon Sauveur, ambako masista waliwatunza wagonjwa wa akili. Wengine walimlaumu Isidore. Mtu aweza kumlaumu kwa mengine, kwa maana hakuwa mpole sikuzote. Lakini katika jambo hili hakukosa. Kumfunga mgonjwa kamba nyuma ya nyumba, kama ifanyikavyo bado mahali pengi, kungalikuwa ukatili. Kumwacha na silaha kungalikuwa uzembe. Yeye alimpeleka mahali walipo watu waliojifunza kumtunza.

Neno lenyewe la Bon Sauveur lilitisha Lisieux. Watu walisema lile jina kwa sauti ya chini, kama watu wa kijiji watajavyo ukoma. Hapo minong'ono ikazidi. Walisema mzee amepata wazimu kwa sababu mabinti wake wamemwacha. Marie, Pauline, sasa hata mdogo aliyempenda kuliko wote: wote wamekimbilia Karmeli, na yule wa mwisho ndiye aliyemvunja kichwa. Maneno hayo yalipita kuta za Karmeli, yakamfikia Tereza, msichana wa miaka kumi na sita. Ebu hesabuni siku. Louis alipooza mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1887. Tereza aliomba ruhusa tarehe 29 Mei. Ugonjwa ulitangulia ombi kwa majuma manne. Wasemaji hawakuhesabu siku, kwa sababu mwenye kutaka mtu wa kulaumu hahesabu. Huko Lisieux walimlaumu mtoto mtawa. Penginepo humlaumu mke, au bibi kizee wa jirani, wakimwita mchawi. Mgonjwa huwa mmoja, nao ulimi huongeza wa pili.

Léonie na Céline hawakujificha. Walimfuata baba Caen, wakapanga chumba kwa masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, karibu na hospitali. Waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa juma, lakini kila siku walikwenda mlangoni kuuliza habari zake. Wakakaa hivyo miezi mitatu, kisha wakarudi Lisieux kwa mjomba, wakaendelea kwenda kumwona.

Nao Louis? Kulikuwa na siku alipojua vizuri kabisa yuko wapi. Hilo watu wengi hawalifahamu: hudhani mwenye wazimu hasikii aibu. Louis aliisikia. Alimwambia daktari kwamba maisha yake yote alizoea kuamuru, na sasa yampasa kutii, na ni vigumu. Lakini alijua kwa nini Mungu amempa jaribu hilo, kwa maana hakuwahi kudharauliwa hata siku moja, naye alihitaji kuonja. Siku alizokuwa na nafuu alikwenda kanisani, akapokea Komunyo. Vitu vitamu alivyoletewa aliwagawia wagonjwa wenzake.

Mwezi wa Juni 1889 alipata pigo lililomwumiza kuliko ugonjwa. Kwa ajili ya kuilinda mali ya familia, alitakiwa kutia sahihi karatasi ya kuacha usimamizi wa mali yake. Alifahamu maana yake. Akatia sahihi, akalia sana, akiona kwamba watoto wake hawamwamini tena. Huenda karatasi ile ilihitajiwa. Sheria ina njia zake. Lakini namna ya kumweleza mgonjwa jambo kama hilo yataka moyo kuliko sheria, na siku ile moyo ulikosekana.

Tarehe 24 Septemba 1890 Tereza alivikwa kitambaa cheusi cha utawa. Céline alikuwa amepanga baba aletwe, angalau ambariki mtoto wake. Mjomba akakataa, akihofu kwamba mzee atachafukwa mbele ya watu. Tereza alilia siku hiyo ya sherehe yake, na wenzake hawakufahamu kwa nini.

Wakati ule hapakuwa na dawa nyingi. Dawa ya kwanza ya kutuliza vizuri waliochafukwa akili ilianza kutumiwa mwaka 1952, katika nchi hiyo hiyo ya Ufaransa. Tangu siku hizo wengi ambao zamani wangalifungwa maisha yao yote hurudi kwao, hulima, hulea watoto. Huko Bukavu ilianzishwa mwaka 1994 hospitali ya wagonjwa wa namna hii, jina lake Sosame, ikakabidhiwa kwa watawa waitwao Frères de la Charité.

Louis hakupona, ila ugonjwa uliposhuka miguuni, akawa hawezi kutembea wala kutoroka, familia iliweza kumrudisha. Tarehe 10 Mei 1892 aliletwa Lisieux. Siku mbili baadaye walimpeleka Karmeli, chumba cha kuongea na wageni. Mabinti wake watatu watawa walimwona kwa mara ya kwanza tangu miaka mitatu na zaidi, na ndiyo mara ya mwisho. Alikuwa amekonda, na maneno yalimshinda. Walipomwaga, aliinua macho, akanyosha kidole juu, akakaa hivyo kitambo, akitokwa na machozi. Kisha akaweza kutamka neno moja tu, kwamba watakutana mbinguni.

Miaka miwili Céline alimtunza nyumbani, akimlisha, akimwosha, akimsukuma katika kiti chenye magurudumu. Aliimba mbele yake, kwa sababu nyimbo zilimfikia hata siku ambazo maneno hayakumfikia. Tarehe 29 Julai 1894, siku ya Jumapili, katika nyumba ya shamba iitwayo La Musse, Louis alikufa akiwa na miaka sabini. Karibu na kufa alimtazama Céline kwa macho ya mtu amjuaye vema mwanawe. Mwezi wa Septemba Céline naye akaingia Karmeli.

Mwaka 1895 Tereza aliandika kumbukumbu za utoto wake kwa amri ya mkubwa wake, ambaye ni Pauline dada yake. Angaliweza kuruka habari za Caen; familia nyingi zingaliruka. Hakuruka. Aliandika kwamba miaka ile mitatu ya mateso ya baba aliihesabu kuwa yenye thamani kuu katika maisha yao, wala hangaliibadili kwa furaha yo yote.

Kanisa lilichunguza maisha ya Louis na Zélie kwa muda mrefu, na ugonjwa wa akili ukachunguzwa pia. Haukuonekana kuwa kizuizi. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu mjini Roma, mume na mke pamoja. Kabla ya hapo, tarehe 19 Oktoba 2008, walikuwa wametangazwa wenye heri huko Lisieux, mbele ya umati mkubwa. Masalia yao yamewekwa katika kanisa kubwa la mji ule ule ambao zamani watu waliposikia jina la Louis Martin waliinamisha vichwa na kunong'ona.